Shangazi wa Dadu: Kitabu Kipya Kimegawanya Meza

Barua za wiki hii karibu zote zimetoka mtaa mmoja, West Indies hapa Eldoret, na zote zina harufu ya ugomvi ule ule. Kwa msomaji aliyefungua ukurasa huu akitafuta ushauri wa ndoa, asiondoke, ndoa pia imo. Ila lazima kwanza nimweleze mchezo wenyewe.

Dungeons & Dragons, ambao wachezaji wanauita D&D, ulitoka Marekani mwaka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson. Watu wanne watano wanakaa mezani. Mmoja anasimulia, wengine kila mtu ana mhusika wake, na penye shaka dadu ya pande 20 inaamua. Mwenye akili zake anaweza kumaliza mwaka mzima akiwa ndani ya pango moja. Septemba 2024 kampuni yenye mchezo, Wizards of the Coast, ilitoa kitabu kipya cha wachezaji mahali pa kile cha 2014. Hawakuthubutu kukiita toleo la 6. Walisema ni lile lile la 5 lililokarabatiwa, na kwamba vitabu vya zamani vitaendelea kutumika nalo. Mkenya mzima akiambiwa kwamba hakuna kitakachobadilika, anashika mkoba wake.

Haya, tuingie kwenye barua.

*Hujambo Shangazi? Mimi ndiye msimuliaji wa meza yetu. Tunacheza pamoja tangu tukiwa chuoni, kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana, sebuleni kwa rafiki yetu mwenye meza kubwa na mke mvumilivu. Binamu wa mmoja wetu alikwenda Marekani kwa mbio za barabarani, akarudi na kitabu kipya. Tangu siku hiyo hatuna amani. Wawili wanakitaka, wawili hawataki hata kukigusa, na yule anayecheza paladini ameapa kwamba tukikifuata atatafuta meza nyingine. Nifanyeje? Msimuliaji Aliyechoka.*

Pole, mwanangu. Tuanze na huyo paladini, maana ndiye mwenye jeraha.

Paladini ni askari wa imani, upanga mkono huu, dua mkono ule. Kwa kitabu cha 2014, upanga wake ukishampata adui, aliruhusiwa kuchoma akiba yake ya uchawi papo hapo ili pigo liwake moto wa mbinguni. Akipata mara mbili katika zamu moja, anawasha mara mbili. Nimewaona kwa macho yangu: joka likitajwa tu, paladini ameshaanza kukusanya dadu za pande 8 kiganjani, anazitikisa polepole kama mtu anayehesabu noti mbele ya mdeni wake. Kitabu kipya kimeligeuza pigo hilo kuwa uchawi kamili unaokula tendo la ziada, na tendo la ziada ni moja kwa kila zamu. Kwa hiyo anawasha mara moja, basi. Tena kwa kuwa sasa ni uchawi, adui anayejua kubatilisha uchawi anaweza kulizima kabla halijawaka.

Hesabu hiyo inauma, sikatai. Lakini tazama upande wa pili wa meza. Mpiganaji wa kawaida, ambaye kwa miaka 10 kazi yake ilikuwa kusema "napiga" kisha kungoja zamu imrudie huku akimaliza karanga za wenzake, leo silaha yake ina ujanja. Shoka kubwa likimpata adui, linaweza kupitiliza hadi kwa aliyesimama kando yake. Nyundo kubwa inaangusha mtu chini. Upinde mrefu unampunguzia anayekimbia mwendo. Na ile dawa ya kuponya majeraha, ambayo kunywa chupa yake kulikuwa kunakula tendo zima, sasa unaigugumia kwa tendo la ziada na bado unapata nafasi ya kupiga. Naweka dau la mandazi manne kwamba mmoja wa hao wawili wanaokitaka kitabu kipya ni mpiganaji.

Sasa nikuambie ninachokiona kwenye barua yako ambacho wewe hukukiandika. Huyo paladini kwa miaka yote ndiye aliyekuwa akigeukiwa mtu akiuliza, "Hii inaruhusiwa?" Alikuwa akijibu bila kufungua ukurasa. Kitabu kipya kimemrudisha darasani, akae dawati moja na mtoto aliyejiunga juzi. Kujua kanuni ni cheo, na sijaona mtu anayevuliwa cheo akashangilia. Wazazi waliokuwa wameukariri mfumo wa elimu wa 8-4-4 hadi mgao wa alama, kisha mfumo mpya wa CBC ukaingia wakaanza kuuliza watoto wao maswali, wananielewa vizuri sana.

Usilidharau tishio lake la kuhama, kwa sababu katika mchezo huu watu huhama kweli. Toleo la 4 lilipotoka mwaka 2008, wengi waliona ladha imebadilika kupita kiasi. Mwaka uliofuata kampuni ya Paizo ikatoa Pathfinder, iliyojengwa juu ya kanuni zile za zamani, na meza nyingi zikahamia huko moja kwa moja. Ndugu waliokuwa wakicheza pamoja wakawa wanasalimiana kwa mbali.

Kwa hiyo fanya hivi. Hadithi mliyo nayo imalizeni kwa kitabu cha zamani, hata kama mpiganaji atanung'unika. Mtu habadilishiwi kanuni akiwa katikati ya daraja. Halafu kitabu kipya mpe paladini. Mwambie akae nacho mwezi mzima na kazi yake iwe kutafuta makosa. Atayatafuta kwa bidii ya mkaguzi wa hesabu, atakuja na orodha, na kufikia wakati huo atakuwa anakijua kuliko nyote. Mtu wa pili akiuliza, "Hii inaruhusiwa?" na paladini akajibu bila kufungua ukurasa, utakuwa umemaliza vita. Baada ya hapo jiandae kumsikiliza akikitetea.

*Shangazi, mimi ndiye mke wa mwenye sebule. Sina ugomvi na mchezo. Ninauliza tu kama kitabu hicho kipya kitawafanya wamalize mapema. Mke wa Mwenye Meza.*

Hapana, dada. Kina kurasa 384.

Ukitaka waondoke saa kumi na mbili, usiwafukuze, waulize mbele ya wote nani ataosha sufuria. Na siku wakikuomba uketi mcheze pamoja, chukua mchawi, kisha choma kila kitu. Watakuheshimu hadi jikoni.

*Kwako Shangazi. Mama yangu ni Mnandi, baba yangu Mluhya, nimezaliwa na kukulia hapa Eldoret. Nilipoanza D&D nilichagua mhusika chotara wa elfi (kiumbe wa kubuni) na binadamu, na nadhani unajua kwa nini. Sasa nimekipekua kitabu kipya kuanzia jalada hadi jalada na mimi simo. Je, nimefutwa? Nusu kwa Nusu.*

Hujafutwa, mwanangu, ila umeachwa nje ya kitabu, na una haki ya kununa.

Mambo yalivyokwenda ni hivi. Kitabu cha 2014 kilikuwa na chotara wa elfi na chotara wa orki, kiumbe mwingine wa kubuni. Cha 2024 kimewaacha wote wawili, na orki kamili ndiye aliyeingia. Waandishi walikuwa na nia ambayo mimi naiunga mkono kwa mikono miwili. Zamani mhusika alipewa alama za nguvu au akili kwa sababu ya alikozaliwa: wa ukoo huu mwenye misuli, wa ukoo ule mwenye ubongo. Sasa alama hizo zinatokana na kazi na maisha yake kabla ya safari, kama alikuwa mkulima, karani, baharia, mlinzi au mfanyabiashara. Katika mji ambao kila kona unasikia nani kazaliwa mkimbiaji na nani kazaliwa mwenye duka, marekebisho hayo ningeyabandika ukutani.

Lakini kwa chotara wakateleza. Waliona kwamba kumwandika mtu kuwa nusu hiki na nusu kile kunaleta maneno, wakaamua njia rahisi ni kutomwandika kabisa. Walitaka kuondoa tatizo, wakaondoa watu. Kuna wachezaji duniani kote waliolalamika kama wewe, wengi wao wakiwa na wazazi wa pande mbili kama wako, na wapo wengine wenye wazazi wa aina hiyo hiyo waliofurahi kuona neno "nusu" limekwenda. Sitawapatanisha, sina uwezo huo, na sidhani kama kuna haja.

Kwa upande wa sheria uko salama. Wenye mchezo wenyewe wamesema wahusika wa kitabu cha 2014 wanaruhusiwa kuketi meza moja na wa 2024. Na kama kuna mtu mezani anadhani kanuni mpya zinafuta ya nyuma, mkumbushe jambo ambalo Eldoret hatuhitaji kufundishwa. Oktoba 2019 Brigid Kosgei alikimbia marathoni ya Chicago kwa saa 2:14:04, rekodi ya dunia. Januari 2020 shirika la riadha duniani likaleta kanuni mpya za viatu, soli isizidi milimita 40. Je, rekodi yake ilifutwa? Ilikaa pale pale. Kilichoiondoa hatimaye ni miguu ya Tigst Assefa, saa 2:11:53, Berlin, Septemba 2023. Basi mhusika wako naye aondolewe na joka kama wanaume wengine, asiondolewe na mhariri.

Ushauri wangu mdogo: mwache awe chotara, mpe maisha ya awali ya mkulima kutoka kitabu kipya, na mwambie msimuliaji kwamba Shangazi ameruhusu.

*Vipi Shangazi? Mimi sina vitabu vya karatasi. Nimenunua vya zamani kwenye tovuti ya D&D Beyond na mhusika wangu yumo ndani ya simu. Jamaa mmoja wa West Indies aliniambia kuna wakati kampuni ilitaka kuingia humo na kubadilisha uchawi wangu bila kuniuliza. Ni kweli au ni porojo za kijiweni? Mtu wa Bando.*

Kijiwe mara hii kimesema kweli.

Agosti 2024, wiki chache kabla ya kitabu kipya kutoka, walitangaza kwamba uchawi na vifaa vya kimiujiza kwenye karatasi za wahusika wa D&D Beyond vitabadilishwa viwe vya toleo jipya. Atakayetaka vya zamani ilimbidi aviandike upya mwenyewe, kimoja kimoja. Watu waliokuwa wamelipia vile vya zamani wakawaka. Ndani ya siku chache kampuni ikarudi nyuma na kusema vya zamani vitabaki. Na hiyo haikuwa mara yao ya kwanza kuungua vidole. Januari 2023 ilivuja habari kwamba wanataka kuifuta leseni ya mwaka 2000 iliyowaruhusu wengine kuandika hadithi na vitabu kwa kutumia kanuni za mchezo. Kelele zilizopigwa zilikuwa kubwa hadi mwezi huo huo, tarehe 27, wakaiacha leseni ile ilivyo, na juu yake wakaziweka kanuni za msingi chini ya leseni ya Creative Commons, ambayo ukishaitoa huwezi kuirudisha mfukoni. Kwa hivyo wachezaji wanaolalamika si watoto wa kudeka. Mara mbili ndani ya miaka miwili malalamiko yao yamefanya kazi ambayo mikataba haikufanya.

Mimi sina chuki na simu. Lakini kitabu kilichoko juu ya kabati lako, hakuna mtu kutoka makao makuu kule Renton atakayepanda ndege aje akibadilishe ukurasa. Kilichoko ndani ya simu umekikodi, hata kama risiti imeandikwa umekinunua. Nenda saiba yoyote mjini, chapisha karatasi ya mhusika wako, zile kanuni za msingi, ambazo ni za bure, chapisha utakazozimudu, tia kwenye faili ya plastiki. Kitabu kipya chenyewe kinauzwa dola 49.99, na kwa shilingi zetu hiyo ni zaidi ya 6,000 kabla hujalipia usafiri, kwa hiyo sikulaumu kwa kukimbilia bando. Nakulaumu tu kama huna nakala.

*Binti yangu, mimi habari za majoka sizijui. Nje ya duka hapa tunacheza drafti kwa visoda, tangu huyu mwenye duka akiwa hajazaliwa. Mjukuu wangu kaja na ubao wa miraba 100, kete 20 kila upande, eti huo ndio wa kimataifa na wetu wa miraba 64 ni wa kijijini. Nimchape? Mzee wa Visoda.*

Heshima kwako, mzee wangu. Usimchape, mfunge.

Mjukuu hajadanganya, amekata tu maneno. Drafti ya kimataifa kweli ni miraba 100, kumi kwa kumi, mfalme anateleza mraba hadi mraba umbali wowote, kete ya kawaida inakula hata kwa kurudi nyuma, na penye njia mbili za kula lazima ufuate ile inayokula kete nyingi zaidi. Lakini Warusi wanacheza kwenye miraba 64 na mfalme wao anateleza vile vile, na Waingereza wako kwenye miraba 64 na mfalme wao anatembea hatua moja moja kama mtu mwenye gauti. Kila mmoja wao ana mashindano na vikombe. Hakuna ubao wa kijijini hapo.

Tena kuitukana 64 ndani ya Eldoret ni kukosa adabu ya mahali. Mji huu ulianzia kwenye shamba namba 64, na wapo wazee ambao hadi leo wanauita Sisibo. Jina la Eldoret lilikuja 1912. Tarehe 15 Agosti 2024 tukapewa hadhi ya jiji, na siku hiyo hiyo nusu ya watu walikuwa wakicheza ngoma na nusu wakiuliza ada za soko zitapanda lini. Kwa hiyo na sisi tunaishi katika toleo jipya, mzee, na aliyekuwa anasema Sisibo bado anaeleweka na kila mwendesha bodaboda mwenye mvi.

Mkubalie mjukuu. Mchezo mmoja kwenye ubao wake, mmoja kwenye wako. Mtahitaji visoda 40, vyako ishirini vikiwa vimelala kifudifudi na vyake vikiwa chali, kisoda kikifika safu ya mwisho mnapandisha kimoja juu ya kingine kinakuwa mfalme. Mwambie yeye ndiye atafute hivyo visoda vya kuongezea. Kisha viangalie kimoja kimoja alivyoleta. Utajua mjukuu wako anakunywa soda au anakunywa vingine.

*Shangazi, mimi nimeanza kucheza mwaka huu na kitabu kipya nakipenda. Kimepangwa vizuri, kinaanza kwa kukuonyesha mchezo unavyochezwa kabla ya kukuambia uunde mhusika, picha zake zinapendeza. Lakini kila nikisema hivyo kuna kaka mmoja mezani anapumua kwa nguvu na kusema kwamba mchezo wa kweli ulikuwa toleo la 3.5. Nina makosa? Mgeni wa Meza.*

Huna. Muulize kaka huyo kwa upole: toleo la 3 lilitoka mwaka 2000, na 2003 wakatoa 3.5 wakawauzia watu vitabu vile vile upya, je, yeye 2003 alipumua vipi? Kama wakati huo alikuwa darasa la tatu na ameurithi uchungu huu kutoka kwa mtu mwingine, msamehe na umpe chai.

Wewe endelea kukipenda. Mtu ambaye kitabu kipya ndicho cha kwanza kwake ndiye pekee mezani anayekisoma kama kilivyo. Wengine wote wanasoma kisichokuwemo.

*Shangazi, najua safu yako ni ya michezo, lakini nisaidie. Mimi ni mpangaji West Indies. Mwenye ploti amesema kwa kuwa Eldoret sasa ni jiji, kodi lazima nayo iwe ya jiji. Stima ya ngazi imekufa, maji yanakuja siku anazotaka yeye. Anacheza toleo gani huyu? Mpangaji wa Chumba cha Mwisho.*

Anacheza toleo la zamani na jalada jipya, mwanangu. Mwombe notisi ya maandishi, na ukiipata mpelekee hesabu hii. Wizards of the Coast, pamoja na dhambi zao zote nilizozitaja hapo juu, waliuza kitabu cha 2014 chenye kurasa 320 kwa dola 49.95. Cha 2024 kina kurasa 384, na bei yake ni dola 49.99. Kurasa 64 zaidi kwa senti 4. Mwambie siku atakapowasha stima ya ngazi na maji yakafika chumba cha mwisho, uko tayari kuzungumza naye kuhusu hizo senti 4.